Mfumo Haumsomi Mama

Katika masharti ya tiketi za basi, abiria ndiye mtu pekee anayefanya kazi. Abiria atahakikisha, abiria atawahi, abiria atatunza, abiria atawajibika. Kampuni yenyewe ina kitenzi kimoja tu, nacho ni cha kukanusha: haitahusika. Nimefundisha sekondari hapa Iyunga, Mbeya, kwa miaka ishirini na kitu, nimesahihisha insha za watoto wavivu mpaka macho yakaanza kuuma, na bado sijaona mwandishi aliyejua kujitoa kwenye sentensi zake mwenyewe kwa ustadi kama huyo aliyeandika masharti ya tiketi.

Lakini nisijifanye nililiona hilo mapema. Tiketi za mtandao zilipoanza mimi nilikuwa shabiki. Nilisimama katika ofisi ya walimu nikawahubiria wenzangu: sasa basi, mpiga debe kukuvuta shati, sasa basi, kiti kimoja kuuzwa kwa watu watatu kisha mkaonyeshane karatasi mlangoni kama mnacheza karata. Unabonyeza simu yako, umekaa kwenye kochi lako, umepata kiti. Mwalimu mmoja mzee akaniuliza, "Na asiyejua kubonyeza?" Nikamjibu kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Watu wakacheka. Nililipenda sana jibu langu.

Mama yangu anaishi Igowole, na kabla ya mtandao alisafiri bila shida yoyote. Alikuwa akimpigia wakala wa mabasi pale Mafinga, na wakala akamwandika kwenye daftari lenye karatasi ya kaboni. Hakumwandika jina. Alimwandika "Mama Kisomo, kiti cha mbele, hutapika." Basi. Maneno hayo machache yalimtosha kondakta yeyote kujua amtafute nani, amweke wapi, na awe na mfuko wa plastiki karibu. Mimi niliyaona maandishi hayo siku moja nikaona aibu. Nikasema nchi haiwezi kuendelea kwa daftari la namna hii.

Jina hilo la Mama Kisomo alilipata kihalali. Enzi zile serikali ilipoamua kwamba kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika, mama alikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba, akapewa boksi la chaki na darasa la watu wenye umri wa baba yake. Walimaliza kulima, wakaja jioni na udongo miguuni, akawaimbisha a, e, i, o, u. Wazee waliopo sasa Igowole wanaosoma Biblia zao wenyewe kanisani, wengi wao ni kazi ya mama. Alikuwa mkali kwa jambo moja: andika unachosikia. Kiswahili hakidanganyi, alikuwa akiwaambia, ukisikia e andika e.

Dada yake, mama mkubwa wangu, aliolewa Mbeya angali binti na hakurudi tena. Aliuza mchele Mwanjelwa mpaka magoti yakakataa, na nyumba yake iko nyuma ya soko, mahali ambapo huwezi kulala mchana kwa kelele za watangaza bei. Walizaliwa wengi kwao, wakabaki wawili. Kila mwaka waliahidiana Krismasi, na kila Krismasi kulikuwa na mgonjwa, au mvua, au ng'ombe anayezaa. Miaka sita ikapita wakisikiana kwenye simu tu.

Mwaka huo mama mkubwa aliugua, na hospitali wakatueleza kwa ule upole wao kwamba ni vizuri akapumzike nyumbani. Tulielewa sote. Yeye mwenyewe alielewa kuliko sisi. Tulipomlaza kitandani kwake aliniita, akaniambia, "Niitie mdogo wangu. Nikimwona yeye, mengine basi."

Nikamwambia kesho kutwa asubuhi atakuwa ndani ya basi. Nikatoa simu yangu mfukoni, nikakaa kwenye kochi, nikabonyeza. Ilichukua dakika tano, na mbili kati ya hizo zilikuwa za kukubali masharti ambayo sikuyasoma. Kiti namba tatu, mbele, kwa ajili ya tumbo lake. Mfumo ukanipongeza kwa kutumia huduma ya kisasa, ukanipa namba ya tiketi: A7EI2R. Abiria ataonyesha namba hii kabla ya kupanda.

Ningependa kukutana na bwana aliyebuni namba hiyo. Nina hakika ni kijana mwenye kiti kinachozunguka. Alikuwa na tarakimu zote za dunia, sifuri mpaka tisa, ambazo kila bibi wa nchi hii anazijua kwa sababu ya kuhesabu madebe ya mahindi, akaona hazitoshi. Akachanganya na herufi, ili ipendeze. Ni wazi hajawahi kumsomea mtu kitu kwenye simu, akiwa upande mmoja wa mlima na huyo mtu akiwa upande mwingine.

Mimi ilibidi nisome. Meseji niliyomtumia mama haikuingia, kwa sababu simu yake ni kitochi na sanduku lake la meseji lilikuwa limejaa matangazo ya bahati nasibu ambayo hajui kuyafuta, na mimi kila nikienda Igowole nasahau kumfutia. Nikampigia.

"Chukua kalamu, mama. Nakusomea namba ya tiketi."

"Ninayo, baba. Sema."

"Ei. Saba. I. Ai. Mbili. Ara."

"Pole pole. Baada ya saba?"

"I. Ai. Mbili. Ara," nikasema, na sauti yangu ilikuwa na kale kaukali ka mwalimu anayeulizwa swali ambalo ameshalijibu.

"Haya, ngoja nami nikusomee, uone kama nimeipata. Ei. Saba. I. Ai. Mbili. Ara."

"Hapo hapo, mama. Mia kwa mia."

Tukawa tumehakiki. Masharti yanataka abiria ahakiki, na sisi tulihakiki, kwa sauti, mara mbili. Msomaji huenda ameshaliona kosa. Mimi mwenye shahada sikuliona.

Sisi tuliopita shule nyingi tukitaja herufi tunazitaja kwa Kiingereza. Hakuna aliyetuagiza, ni mikogo tu. A inakuwa ei, E inakuwa i, I inakuwa ai, kana kwamba a ya Kiswahili ni ya watoto wa chekechea. Mama hakuwa na mikogo hiyo. Aliandika alichosikia, kama alivyofundisha. Aliposikia ei akaandika e na i. Aliposikia i akaandika i. Ai akaandika a na i. Ara akaiandika yote, a-r-a, kwa mwandiko wake mzuri ulionyooka. Karatasi yake ilisema EI7IAI2ARA. Vitu sita vilikuwa kumi, na alipovisoma kwa sauti vilitoka vilevile nilivyosema mimi.

Kabla sijakata simu nikamwambia, "Ukishapanda nibipu, nijue." Ndiyo desturi yetu. Simu ikiita kidogo ikakatika, maana yake nimepanda, nimefika, nimeshakula, kutegemea ulikuwa unangoja nini. Inaokoa salio na maneno.

Asubuhi ile mama alitoka Igowole kabla jua halijatoka, akafika Mafinga mapema kuliko hata masharti yalivyotaka. Yaliyotokea pale aliyasimulia baadaye kwa wanawake waliokuwa wakiosha vyombo, nami nikayasikia nikiwa dirishani. Basi lilifika saa tatu. Kondakta alikuwa na mashine mkononi. Mama akampa karatasi.

"Bibi, hii siyo namba ya tiketi."

"Ndiyo hiyo. Mwanangu amenisomea mwenyewe, ni mwalimu."

Akaibonyeza. "Haisomi."

"Isome tena, mwanangu."

"Nimesoma, bibi. Mfumo haukusomi."

Mama akamwambia kiti chake ni namba tatu. Kondakta akatazama mashine, kweli kiti namba tatu kilikuwa kimelipiwa, kupandia Mafinga, na kilikuwa kitupu. Lakini jina lililoandikwa pale lilikuwa langu, kwa sababu mfumo ulilichukua kwenye simu yangu bila kuniuliza. "Hapa inaonyesha ni mwanaume," akasema. Mama akacheka kidogo, akadhani ni utani. Haukuwa utani. Akaomba basi alipe nauli upya, akafungua fundo la khanga. Kondakta akasema siku hizi hawapokei hela mkononi, na kwamba hata angepokea, mfumo unamwambia kiti kina mtu.

Nataka hapo pakae wazi. Kiti kilikuwa hapo, kitupu, wote wawili wakikiona. Mama alikuwa hapo, amesimama mbele yake. Na mtu mzima, mwenye mama yake mahali fulani, akatazama kioo kidogo kama kiganja kimwambie kama anachokiona kipo.

Mama akanipigia. Nilikuwa kwenye simu. Kampuni ilikuwa imenitumia ujumbe asubuhi hiyo kwamba abiria makini huhakiki safari yake kwa kupiga huduma kwa wateja, na mimi, abiria makini, nilikuwa nimepiga. Nilisikilizishwa muziki. Sauti ya dada mmoja ilikuwa inaukatiza kila baada ya muda kuniambia kwamba simu yangu ni muhimu sana kwao. Nikangoja kwa adabu. Mama akapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaambiwa namba anayopiga inatumika. Dereva akapiga honi.

Nilipochoka na muziki nikakata, nikakuta ujumbe kwamba mama amenipigia mara tatu. Nilifurahi. Amebipu, nikasema, tena kwa msisitizo. Amepanda.

Nikaingia chumbani kwa mama mkubwa nikamwambia, "Amepanda. Saa nane yuko stendi."

Sijui niseme nini juu ya uso wake. Alikuwa hajala tangu juzi, akaomba uji. Aliomba aogeshwe, abadilishiwe kitenge, akataka kile cha kijani alichopewa na mama. Binti yake alimwegemeza kwa mito miwili akakaa akielekea mlangoni. Akaniuliza saa. Nikamwambia saa nne. Akasema, "Watakuwa wanateremka Makambako sasa." Akawa anaisafiri ile barabara kichwani, na kila baada ya muda anataja mahali: Makambako, Igawa, Chimala. Hakukosea sana. Basi kweli lilikuwa linapita huko.

Saa nane nilikuwa stendi. Basi likaingia kwa wakati, hata hilo nalikiri, dakika ileile iliyoandikwa. Watu wakashuka mmoja mmoja. Nikangoja mpaka wa mwisho, mtu mwenye jogoo kwenye kapu, halafu nikapanda mwenyewe. Kiti namba tatu kilikuwa safi. Hata kitambaa cha kuegemeza kichwa hakikuwa na mkunjo. Kilikuwa kimesafiri kutoka Mafinga hadi Mbeya peke yake, kimelipiwa, kimehakikiwa, kimefika salama.

"Kulikuwa na mama mmoja wa kupandia Mafinga," nikamwambia kondakta.

"Yule bibi? Karatasi yake haikusoma."

"Mkamwacha?"

"Siyo sisi, mwalimu. Mfumo."

Nilikwenda dirishani kwa wakala wao. Sikupiga kelele mwanzoni, nilianza kwa Kiswahili cha shule. Dada wa pale alinisikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa huruma iliyofundishwa semina, kisha akageuza kalamu yake na kuninyooshea bango lililokuwa ukutani nyuma yake: NI JUKUMU LA ABIRIA KUHAKIKI TAARIFA ZA TIKETI YAKE. Akasema, "Ulimpa namba sahihi?" Nikasema nilimpa. "Yeye akaiandika sahihi?" Nikasema mama yangu amefundisha kijiji kizima kuandika. Akanitazama. "Basi tatizo litakuwa la mtandao," akasema. Ndipo nikapiga kelele. Haikusaidia kitu, ila nilijisikia nafuu kwa muda wa kutoka pale mpaka barabarani, halafu nafuu ikaisha.

Simu ya mama ilikuwa haipatikani. Nikapiga kila nilipopiga hatua. Nikarudi Mwanjelwa na mikono mitupu.

Mama mkubwa alikuwa bado ameegemea mito. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, akanitazama tena.

"Yuko wapi?"

"Anakuja, mama. Gari limechelewa kidogo."

Wahenga walisema ahadi ni deni, wakadhani wametutisha. Mimi nilikaa pembeni ya kitanda nikamdanganya mtu asiye na muda, na sikuona haya, nikawa natazama mlango pamoja naye. Alikataa kulala chali. Binti yake alijaribu kumtoa mto mmoja, akamshika mkono. Saa tisa na kidogo macho yake yalikuwa bado yanaelekea mlangoni, lakini tukajua hayaoni tena.

Mama alifika saa kumi na moja. Dereva wa lori la mbao linalokwenda Tunduma alimwona amekaa juu ya mzigo wake pale Mafinga, akamuuliza anakwenda wapi. Mama akamwambia Mbeya, kwa dada yangu, anaumwa. Dereva akasema, "Panda, mama." Hakumwomba namba. Hakuhakiki kitu. Alimshusha Mwanjelwa barabarani, akashuka na yeye, akamvusha, akambebea mzigo mpaka kwenye kona ya nyumba, na aliposikia vilio akavua kofia yake. Huyo hakuwa na mfumo, masikini. Lori lake lilikuwa linapanda vilima kwa kuugua, na tofauti kati ya lori hilo na kile kiti kitupu ilikuwa ni saa tatu. Mama mkubwa alihitaji moja tu kati ya hizo.

Mama hakulia barabarani, hakulia uani. Wanawake walimpisha. Aliingia chumbani, akapiga goti chini kando ya kitanda, akasema "Kamwene," kama anavyomsalimia mkubwa wake aliye hai. Halafu akaanza kuongea Kihehe, kwa sauti ya kawaida. Sikijui sana Kihehe, baba yangu alikuwa mtu wa kwingine, lakini haya niliyaelewa. Alisema, "Nisamehe, dada. Nimetoka kwangu alfajiri. Walitaka niandike kitu kidogo tu, nikashindwa. Kumbe siku zote sijui kusoma."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ilikuwa ni sentensi moja tu ya kumwambia, nami nazijua sentensi, ndiyo kazi yangu. Nikatoka nje nikasaidia kupanga viti.

Nilimwambia baada ya maziko. Nilichukua kalamu nikamchorea, hii ei yangu ni a, hii i yangu ni e, ona, wewe hukukosea hata herufi moja, mjinga ni mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa subira ileile aliyokuwa nayo kwa wazee wake wa kisomo. Kisha akasema, "Hapana, baba. Wewe umesoma." Nikamweleza tena. Akasema amechoka, anataka kulala.

Wiki chache baadaye tulikaa na mwenyekiti wa mtaa kwa ajili ya karatasi za nyumba ya mama mkubwa. Mama alitakiwa kuandika jina na kuweka sahihi yake, kama mdogo wa marehemu. Karatasi ikazunguka mpaka kwake. Aliitazama kwa muda, akaisogeza kwangu nisome mimi. Kalamu ilikuwa mezani, mbele yake. Akamuuliza mwenyekiti kama ana wino, na alipoletewa, akatoa dole gumba.